Anayejua na Asiyejua

Wenzangu wa chumba cha walimu, mbuzi wa kuniaga mlimla bila mimi. Nimesikia alikuwa mnono, na kwamba hotuba ya prefe, mkuu wetu wa shule, ilikuwa ndefu hata wali ukapoa. Sina kinyongo. Lakini wengi wenu, hasa ninyi vijana mliohangaika kupamba ule ukumbi, mmeniuliza inakuwaje mtu afundishe miaka thelathini na minne halafu akimbie sherehe yake mwenyewe siku moja kabla. Tena nilikimbia na Espérance, mwalimu mwenzenu wa Kifaransa, na sahani yake nayo ilikaa bila mtu. Nimejaribu kuwaeleza pale verandani nikashindwa, kwa hiyo nimekaa na daftari. Itabidi nianzie mbali, na itabidi niwazungumzie Wagiriki. Mnanijua.

Nilifika Bunia nikitoka Butembo, msichana wa miaka ishirini na mitatu, na sanduku la bati. Aliyeniita ni dada yangu Masika. Yeye ndiye mkubwa, mimi Kavira namfuata. Alikuwa ameolewa huku na mfanyabiashara, na baadaye wakahamia Mahagi-Port kufanya biashara ya samaki. Aliniandikia mistari miwili tu: kuna shule Nyakasanza inatafuta mwalimu wa Kifaransa, na nije na blanketi langu kwa sababu la kwake hagawani na mtu. Nilikaa kwake mwaka mzima. Kila asubuhi alinikagua kola kabla sijatoka, akarekebisha na pale ambapo hapakuwa na kasoro.

Siku ya kwanza prefe wa wakati ule alinikabidhi mali ya kazi: boksi la chaki, nusu yake vipande, daftari la kuandikia masomo, na kitabu kimoja cha michezo ya kuigiza ya Wagiriki wa kale, kimetafsiriwa kwa Kifaransa, hakina jalada, na katikati panya walikuwa wamekula kurasa. Mpaka leo sijui mchezo wa tatu unaishaje. Katika programu ya wale wa Kilatini na filosofia, darasa la tano lilipaswa kusoma tragedia, yaani tanzia. Basi nikaingia na viatu vyangu vya kisigino, nikajaza ubao kwa maana ya tragedia mara tatu, nikifuta na kujaza tena. Watoto walinakili kwa adabu. Nilipouliza kama kuna swali, mmoja wa nyuma akainua mkono.

"Madame, bale Bagiriki balikuwa banakula nini?"

Darasa likacheka, mimi nikamtoa nje. Leo ningemjibu: samaki na zeituni, keti. Lilikuwa swali zuri kuliko somo langu.

Dirishani alikuwa amesimama Papa Uringi, mwalimu wa Kilatini, mzee mrefu wa koti moja kwa masika na kiangazi. Alikuwa na desturi ya kuwasikiliza walimu wapya akiwa nje, na enzi zile hakuna aliyeona ni upelelezi. Kengele ilipogongwa akaingia, akautazama ubao wangu kwa huruma.

"Mwana yangu, weye uko nanywesha batoto tragédie sawa dawa ya minyoo. Bafunge macho, bameze, baende."

Nilikuwa karibu kulia, naye aliona. Akafuta ubao wote, akachora mstari mmoja katikati, toka juu hadi chini. Upande wa kushoto akaandika *Anayejua*. Upande wa kulia, *Asiyejua*.

"Kila fasi ya muchezo, uliza tu hii. Nani anajua, nani hajue. Ile ingine itakuya yenyewe."

Hiyo ndiyo kazi yangu yote, wenzangu. Mengine niliyoyafanya miaka thelathini na minne ni kunoa hiyo chaki. Wagiriki walikuwa wakicheza mchana kweupe, watazamaji wamekaa mlimani juu ya mawe, na kila mmoja alikuja akiijua hadithi kabla haijaanza. Mlima mzima uko upande wa kushoto. Yule aliyesimama chini uwanjani ndiye yuko kulia, anaongea kwa kujiamini, anatoa amri, anaapa, na watu wote wanamwonea uchungu. Tragedia ni safari yake ya kutoka kulia kwenda kushoto. Somo la kiufundi: mstari wa katikati chora kwa chaki nzima, majina andika kwa vipande, kwa sababu mstari haufutwi na majina utayafuta mara nyingi.

Safu hizo mbili nilitembea nazo kila mahali. Miaka ya vita tuliyofundisha chini ya hema, ubao wetu ulikuwa mlango wa nyumba ya mtu uliowekwa juu ya matofali, na bado ulikuwa na kitasa. Ilibidi niandike nikikizunguka. Watoto waliyaelewa yale mambo upesi kuliko nilivyoyaelewa mimi pale nilipoyasoma. Nilipowaeleza habari za miungu ya Wagiriki, inayoamua ugomvi wake huko juu na watu wa chini wakaumia, msichana mmoja alisema, "Kumbe iko Kinshasa." Nilipowaeleza lile kundi la wazee wa mji wanaokaa pembeni ya uwanja, wanaona kila kitu, wanaimba, wanalia vizuri sana, na hawanyanyui hata mkono, darasa zima likajibu kwa pamoja, "Batu ba quartier!" Majirani. Tangu siku hiyo hatukuliita tena kwa jina la kitabuni.

Kuna siku moja sitaisahau. Nilikuwa nikieleza kwamba Wagiriki hawakuonyesha mauaji mbele ya watu. Kifo kinatokea nyuma ya mlango, halafu anatoka mjumbe, anasimama, anasimulia yote. Nilisema, kama kilivyosema kitabu, kwamba ni suala la adabu ya sanaa. Kijana mmoja aliyekuwa amefika na familia yake kutoka kwenye vijiji vilivyochomwa, mtu ambaye hakuwahi kufungua mdomo tangu mwaka uanze, akasema pasipo kuinua mkono, "Bo balikuwa na akili, Madame. Kuona tulishaonaka. Tunakosa mutu wa kutuelezea." Nilifunga daftari kabla ya kengele.

Mkaguzi mmoja alikuja akaniuliza tragedia ya Ulaya ya kale inamfaa nini kijana wa Ituri anayehitaji kazi. Nilikuwa na jibu refu, lakini pikipiki ilikuwa ikimngoja nje na injini inawaka, basi nikamwambia inawasaidia katika imla.

Kwa kuwa kitabu kilikuwa kimoja na panya wameshakipitia, kila mwaka niliwaacha wanafunzi watunge mchezo wao wenyewe kwa sheria za Kigiriki: mahali pamoja, siku moja, majirani pembeni, kifo nyuma ya mlango, mjumbe. Wote walitaka kuwa mfalme au mama anayelia. Nafasi ya mjumbe ilikuwa inakosa mtu, kwa sababu mjumbe hana jina, anaingia mara moja, anasema, anatoka. Mpaka ulipofika mwaka wa Espérance.

Ninyi mnamjua Espérance mwalimu, yule wa suti ya kitenge na sauti isiyopanda. Mimi nilimpata akiwa na miaka kumi na nane, mwembamba, mikono mirefu, yatima wa baba na mama. Aliishi Nyakasanza kwa baba yake mdogo, Papa Faustin, fundi wa kushona. Aliyemsomesha ni kaka yake, Bienvenu, mchimba dhahabu kule Bambu. Kila mara alipopata nafasi Bienvenu alikuja mpaka getini kwetu, matope mekundu hadi magotini, anamwita dada yake kwa mluzi. Watoto wengine wangeona haya. Espé alitoka mbio kila mara, na mara moja alimleta mpaka darasani akasema, "Madame, huyu njo baba yangu, mama yangu na kaka yangu." Bienvenu alichungulia ubao, akauliza zile safu mbili ni za nini. Nilipomweleza alicheka. "Mu shimo siye wote tuko upande wa kuume," akasema. Wote hatujui.

Mwaka huo Espé aliomba nafasi ya mjumbe. Nilimwuliza kwa nini, msichana mwenye sauti kama ile.

"Juu mujumbe njo peke yake mwenye hadanganyi, Madame. Bengine bote banaficha kitu."

Aliisema hotuba yake akiwa amesimama wima, mikono chini, halii, hapambi. Papa Uringi, ambaye alikuwa amestaafu na alikuja kwa mguu kutazama, aliniambia kwamba kwa miaka yote aliyofundisha hakuwahi kumwona mjumbe aliyempita. Mzee huyo alifariki mwaka uliofuata, kabla Espé hajafika kwenye mtihani wa serikali. Nafurahi kwamba aliliona lile, na nafurahi kwamba hakuona yaliyofuata.

Mtihani wa serikali ulianza Jumatatu, siku nne. Niliwasindikiza wanafunzi wangu mpaka kituoni, nikakaa nje getini na walimu wengine, kama tufanyavyo, tukiwashikia mikoba na simu. Kabla ya mchana akaja Papa Faustin, na sentimita ya kupimia nguo bado shingoni. Alinivuta pembeni ya ukuta.

"Madame, utusaidie. Bienvenu amekufa. Jana shimo ilibabomokea. Espé hajue."

Akaendelea harakaharaka, na macho yake yalikuwa yanamwaga machozi.

"Banamuzika kesho asubuhi kulekule ku Bambu. Tukimwambia leo, ataenda. Na akienda, ataacha examen, na miye sina nguvu ya kumurudisha mu masomo tena. Bienvenu alikuwa ananiambia kila siku, papa, miye nikufe, nikuwe muzima, huyu apate diplome. Tutamwambia jeudi, siku ya mwisho, akimaliza. Weye ufunge kinywa tu, na uchunge batoto bengine basimwambie."

Wenzangu, nimeyarudia maneno ya mtu huyo mara nyingi, na kila mara naona alikuwa na haki. Hakuwa mkatili. Ndivyo tufanyavyo huku kwetu: mwenye msiba haambiwi njiani, anaambiwa "mugonjwa kidogo", anafikishwa nyumbani kwanza, anakalishwa, halafu ndipo. Tunaogopa mtu aanguke peke yake. Ni desturi ya watu wanaopendana, na mimi mwenyewe nimeitumia kwa wengine. Nikamwambia, sawa.

Jioni ile nilipita kwa wanafunzi mmoja mmoja. Walikuwa wameshajua wote, habari hapa mjini inapanda pikipiki kabla ya mwenyewe. Waliniahidi. Usiku sikulala vizuri, lakini nililala.

Jumanne asubuhi nilimkuta Espé amekaa kwenye ngazi ya kituo, peke yake, na beignets tano, maandazi, mkononi zimefungwa katika karatasi. Alikuwa anazitazama.

"Madame, kila mutu ananipatia kitu. Huyu beignet, huyu bic ya kuandikia, huyu ananipisha mu mulango. Na hakuna mutu ananiangalia mu macho." Akainua uso. "Kuko kitu banafichaka miye?"

Ilikuwa saa moja hivi ya asubuhi. Kule Bambu walikuwa hawajaanza kumbeba. Pikipiki zilikuwa zimepanga mstari palepale mbele yetu, na ningesema neno moja angewahi, kama si kumwona, basi kutupa udongo. Mimi ndiye niliyekuwa nimemfundisha kuuliza swali lile. Alikuwa amejipima mwenyewe kwenye ubao wangu na akajikuta kulia.

"Hapana," nikasema. "Kula, uingie. Uandike vizuri."

Alinitazama usoni. Halafu akaniamini, au hivyo ndivyo nilivyojiambia, akaingia.

Alhamisi alipomaliza karatasi ya mwisho nilitembea naye kwenda nyumbani, nimemshikia mkoba. Alikuwa anaongea sana, anaeleza maswali, atampigia Bienvenu amwambie. Kwenye kona ya mwisho akaliona turubai la buluu limefungwa mbele ya nyumba yao, na viti, na wanawake wamekaa chini kwenye mikeka. Akasimama.

"Lini?"

"Dimanche." Jumapili.

"Bamemuzika?"

"Mardi." Jumanne.

"Mardi saa gani?"

"Asubuhi," nikasema.

"Wakati nilikuuliza."

Alichukua mkoba wake mkononi mwangu, akaenda peke yake. Nilisimama pale konani kama mmoja wa wale majirani wa pembeni ya uwanja, naona kila kitu, nalia vizuri sana.

Alifaulu, tena vizuri. Matokeo yalipotoka Papa Faustin alikuja kunishukuru, akasema unaona, Madame, tulifanya vema. Watu wote walisema hivyo. Na huenda ni kweli, sijui. Pasipo ile diploma asingesoma ualimu, na leo mngekuwa hamna mwenzenu. Hapo ndipo nilipowaelewa Wagiriki, nikiwa nimewafundisha karibu miaka ishirini. Katika michezo yao ya kutisha hakuna mtu mbaya ninayemkumbuka sana. Kuna watu wawili wema, kila mmoja ameshika haki yake, na njia ni nyembamba, haiwapitishi wote. Wanafunzi wakiwauliza tragedia ni nini, wafundisheni hilo, muda ubaki wa imla.

Espé alirudi shuleni kwetu kama mwalimu, na kwa miaka tisa tumekaa chumba kimoja, meza mbili katikati yetu. Mliona alivyonisalimu: "Bonjour, Madame," kila siku, kwa heshima kamili, na hakuna lililozidi hapo. Nilijaribu mara kadhaa kuanza. Nilimletea chai, nikamwazima kile kitabu cha panya. Alishukuru. Mimi mtu wa maneno mengi nilikosa kumi tu.

Mwaka jana nilipita nje ya darasa lake la sita nikasimama dirishani, kama alivyokuwa akisimama Papa Uringi. Ubaoni alikuwa amechora mistari miwili badala ya mmoja. Kushoto *Anayejua*, kulia *Asiyejua*, na katikati safu ya tatu, nyembamba: *Aliyeuliza*. Aliwaambia wanafunzi kwamba huyo wa katikati ndiye mwenye maumivu makubwa kuliko wote, kwa sababu alikaribia, akarudishwa. Alisema kwa sauti yake ileile isiyopanda. Niliondoka kabla hajageuka.

Sasa tufike kwenye wiki yangu ya mwisho. Mliniharibu kwa wema, wenzangu. Alhamisi nilipoingia mlikuwa mnaongea mkanyamaza. Kiti chenye mto, ambacho kina wenyewe na vita vyake, mlinipa bila neno. Mtu akaniwekea maziwa kwenye chai. Ijumaa asubuhi nikakuta ubao wangu umeshafutwa na kuoshwa kwa maji. Nikajisemea, tazama, kumbe walikuwa wananipenda, walificha tu. Nilipiga picha ya ule ubao. Mwalimu wa safu mbili kwa miaka thelathini na minne, na sikujiona nilikokaa.

Nilikuwa katikati ya somo langu la mwisho kabisa, Ijumaa, kabla ya mapumziko. Mlango ukafunguliwa bila kubishwa. Espé akaingia hatua tatu, akasimama wima, mikono chini. Nilipomwona amesimama vile, moyo wangu ulijua kabla ya masikio.

"Madame Kavira. Yaya yako Masika, dada mukubwa, alikufa mercredi, juzi jioni, ku Mahagi-Port. Moyo ilisimama, hakuteseka. Banamuzika kesho asubuhi, mbele ya midi. Paluku, mutoto yako, alituma neno tukufiche mpaka fete yako ya kuagwa ipite, juu ya tension yako ya damu. Baalimu bote banajua. Gari iko ku rond-point, inatoka kiisha saa moja toka sasa. Nilishika nafasi mbili."

Niliuliza swali la kijinga, lile wanalouliza wote kwenye michezo.

"Nani amekutuma?"

"Hakuna mutu amenituma," akasema. Halafu sauti yake, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, ikapanda. "Miye sikutaka weye usikie nyuma ya kuzika."

Tension yangu ilibaki palepale ilipo siku zote, mwambieni Paluku. Nilikwenda na nguo niliyovaa. Njia nzima Espé alinishika mkono na hatukuzungumza, maana barabara ile haimruhusu mtu kuzungumza bila kuuma ulimi. Nilimkuta dada yangu. Nilimwosha na wanawake wengine. Kola ya gauni lake ilikuwa imekaa sawa, nikairekebisha hata hivyo. Jumamosi, wakati ninyi mnachoma mbuzi, mimi nilitupa udongo juu ya Masika kwa mkono huu ninaoandikia, nikalia mpaka nikaishiwa. Nawaambia kwa sababu sijawahi kushukuru kwa kitu kama nilivyoshukuru kwa udongo ule. Na Paluku sijamgombeza. Aliogopa kunipoteza mimi pia. Ninyi nanyi mlimtii mwanangu, kama nilivyomtii Papa Faustin. Mimi ndiye wa mwisho wa kuwanyooshea kidole.

Tulirudi Jumatatu. Kwenye njia panda ya Bambu gari lilisimama kushusha abiria. Nilimwuliza Espé kama aliwahi kufika kaburini kwa Bienvenu. Alitikisa kichwa. Mwanzoni hasira, halafu njia ikafungwa, halafu akaogopa. Dereva alisema njia iko wazi tangu wiki mbili. Nikamwambia atushushe na sisi.

Tulipanda pikipiki mbili. Mama mmoja anayewapikia wachimbaji alituonyesha: msalaba wa chuma cha ujenzi, umechomelewa na wenzake, na jina limeandikwa kwa rangi iliyokuwa nyeupe. Espé alichuchumaa akang'oa majani kwa muda mrefu. Nilimwacha amalize. Halafu nikasimama wima kadiri magoti yangu yanavyokubali, mikono chini, nikasema yote kwa mpangilio wake.

"Espé. Lundi, weye uko mu examen, papa yako mudogo alikuya ku portail. Aliniambia Bienvenu amekufa dimanche, shimo ilibomoka, na banamuzika mardi asubuhi. Aliniomba ninyamaze, nikakubali. Mardi, ku ngazi, uliniuliza. Ningesema, ungefika. Nilikuwa najua. Nilikuangalia mu macho nikakudanganya."

Alikusanya yale majani mkononi, akayaweka pembeni, akafuta vidole kwenye kitenge chake.

"Najua, Madame. Nilikuonaka usoni ile siku kama unaficha kitu, sikujue tu nini, na beignets yangu mu mikono." Akanyanyuka, akaja akasimama karibu nami. "Nilikuwa nangoja tu useme."

Miaka kumi na minne alikuwa bado amekaa kwenye ile ngazi.